Chumvi na Chuma

Chumvi ni rafiki wa chakula na adui wa chuma. Mpishi huitafuta, na mvuvi asiye na barafu huitegemea ili samaki wake wafike bara bila ya kuoza. Lakini mhunzi huiangalia kama mchungaji aangaliavyo nyayo za chui karibu na zizi. Kitu kimoja huwa neema mahali na hasara mahali pengine, na mtu asiyejua tofauti ya mahali hapo pawili hulipa gharama ya ujinga wake. Lakini yuko mtu mwingine alipaye zaidi ya huyo: ni yule aliyejua, kisha akanyamaza. Habari hii ni ya mtu wa namna ya pili.

Alikuwa bwana shamba mstaafu, mzaliwa wa Lushoto. Kwa zaidi ya miaka thelathini alipanda na kushuka vilima vya Usambara akiwafundisha wakulima kuchimba matuta ya kukinga maji, kupanda majani ya kushika udongo, na kutouacha mfereji mdogo uliochimbwa na mvua ukavuka hata msimu mmoja bila ya kuzibwa. Katika milima ile mashamba hulala ubavuni kama watu waliolala ukingoni mwa kitanda, na jambo dogo huweza kuyaangusha. Alikuwa na neno moja alilolirudia kila kijiji mpaka watoto wakalijua: "Mfereji wa leo unazibwa na jembe moja, wa mwakani utataka kijiji kizima." Watu walimheshimu kwa kuwa neno lake lilikuwa kweli, na kwa kuwa shamba lake mwenyewe halikuwa na mfereji.

Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Pangani. Mto Pangani hupata maji yake kutoka Kilimanjaro na Meru, hupita bondeni chini ya milima ya Usambara, kisha huingia baharini penye mji wenye jina lile lile. Wakati wa kuposa, kijana yule wa mlimani alimwambia binti yule wa pwani kwamba maji yaoshayo miguu ya milima ya kwao ndiyo yafikayo mlangoni pa kwao binti, kwa hiyo wao hawakuwa wageni. Neno hilo lilimpendeza binti, akaolewa, akapanda mlima, akajifunza kuvaa sweta mwezi wa Julai na kula viazi mviringo mahali pa muhogo. Hakulalamika. Alitaka jambo moja tu: kila mwaka, pepo za kaskazi zivumapo, ashuke Pangani kuzuru makaburi ya wazazi wake na kuwaombea dua.

Maadam nyumba ya baba yake ilisimama, haja hiyo ilikuwa nyepesi. Nyumba ilipoanguka, na kiwanja kikagawanywa kwa warithi wengi, kisha kikauzwa, haja ikawa nzito. Nduguye mdogo alikuwa na vyumba viwili na watoto saba. Hapana aliyemfukuza dada yake. Lakini kila alipofika, mtoto mmoja alitolewa kitandani akalala chini, na yeye aliona. Mwanamke aliyefundisha nusu ya watoto wa tarafa moja kusoma na kuandika akawa mtu asiye na mlango katika mji aliozaliwa. Mumewe aliuona unyonge huo, na kwa kuwa alimpenda, akawa anaufikiria.

Mwaka 2014 wasafiri wawili kutoka kaskazini ya Ulaya walifika Lushoto wakikokota tela dogo. Walikuwa wamechoka na njia, walitaka kurudi kwao kwa ndege, na tela walitaka kuliuza. Lilikuwa nyumba ndogo juu ya magurudumu mawili: kitanda cha watu wawili, jiko la gesi, kabati, dirisha lenye pazia, na mlango wenye kitasa na ufunguo. Kuta zake zilikuwa za alumini na mifupa yake ya chuma. Bwana shamba alikuwa na Land Rover kuukuu yenye nguvu ya kulivuta. Alipoliona tela lile hakuona tela. Aliona mlango wa mkewe. Fedha zilitoka katika kiinua mgongo cha mke, ambaye alistaafu mwaka ule ule. Mume alichagua, mke akalipa. Ushuru ulipolipwa na hati zilipokwisha, mke aliingia ndani, akafunga mlango, akaufungua, akaufunga tena, akacheka peke yake.

Kabla ya kuondoka, wauzaji walisema neno moja kwa uaminifu. Walisema kwamba tela hilo waliliendesha misimu mingi ya baridi katika barabara za kwao, ambako theluji ikianguka serikali humwaga chumvi njiani. Bwana shamba alidhani wanafanya mzaha. Chumvi, ambayo zamani watu wa bara waliisafiria kwa siku nyingi mpaka chemchemi za Uvinza, na ambayo kwa karne nyingi ilikuwa mali ya biashara kama nguo na jembe, leo imwagwe barabarani ikanyagwe na magari!

Haukuwa mzaha. Maji safi huganda penye sifuri ya kipimo cha selsiasi. Yakichanganyika na chumvi hayagandi upesi. Yakishiba chumvi kabisa hustahimili baridi hata ya nyuzi 21 chini ya sifuri. Kwa hiyo chumvi ikitupwa juu ya barafu huiyeyusha, na gurudumu hupata kushika njia. Zamani watu wa nchi za baridi walitumia mchanga na majivu. Jimbo la New Hampshire huko Marekani hutajwa kuwa ndilo lililotangulia kuifanya chumvi kuwa desturi ya barabara zake, katika majira ya baridi ya 1941–42. Baada ya vita desturi hiyo ilienea, na leo mamilioni ya tani humwagwa kila mwaka katika Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Maisha mengi yameokolewa kwa njia hiyo. Lakini chumvi haina akili ya kuchagua. Huyeyusha barafu, kisha hurukia matumbo ya magari, huingia katika zege la madaraja, hutiririka mitoni na visimani. Watu wa huko huosha magari yao chini kwa maji mengi, huyapaka mafuta na nta kabla ya baridi kuingia, na wenye uwezo hununua tela lenye mifupa iliyochovywa katika zinki. Hata hivyo magari yao huliwa.

Mtu asidhani kwamba habari hii ni ya huko tu. Magari mengi yaingiayo Tanzania yamekwisha kutumika kwingine, hasa Japani, ambako katika sehemu za kaskazini chumvi hutumika barabarani vile vile. Mnunuzi wa Tanga au Dar es Salaam hutazama rangi, hukaa kitini, hufungua redio. Ni wachache wainamao kutazama chini. Theluji ya nchi asiyoijua yaweza kumfikia ikiwa imejificha katika chuma alichokinunua.

Siku ya pili baada ya kununua, bwana shamba aliinama. Alitandika gunia, akajilaza chali, akaingia chini ya tela na tochi. Aliona kutu. Si ile kutu nyembamba ya jembe lililosahauliwa nje usiku mmoja. Hii ilikuwa imeinuka tabaka juu ya tabaka kama maganda ya mti, hasa karibu na mahali mkono wa kukokotea unapoungana na chesisi. Aligusa kwa kidole, ganda likabanduka. Aligusa tena, akabandua la pili. Kisha akaacha kugusa. Hapo ndipo jambo lote lilipoharibika, wala si huko Ulaya. Maana mtu akiogopa kugusa, huwa amekwisha kujua.

Angeweza kutoka, akapangusa mikono, akaingia jikoni na kusema, "Mke wangu, nimekosea kuchagua." Maneno manne tu. Lakini fedha hazikuwa zake, na kicheko cha jana kilikuwa bado masikioni mwake. Akaenda mjini, akanunua mkebe wa lami nyeusi ya kupakia, akarudi chini ya tela na brashi. Jioni tumbo la tela lilikuwa jeusi, laini, linang'aa kama jipya. Mkewe alipouliza, alijibu kwamba ameliwekea kinga. Mkewe alimshukuru. Shukrani ile ilimwingia kama mwiba, lakini hakuutoa.

Yafaa kueleza lami ile ilifanya nini, kwa sababu wengi hutenda hivyo wakidhani wanatengeneza. Chuma hupata kutu kwa kukutana na maji na hewa. Chumvi yenyewe si kutu. Ni mshenga wa kutu. Ikiyeyuka majini huyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi, na kutu, kwa asili yake, ni kazi ndogo ya umeme itendekayo katika ngozi ya chuma. Tena chumvi huvunja utando mwembamba ambao ungekilinda chuma kidogo. Tena huvuta unyevu: hewa ikiwa na unyevu upatao asilimia 75 na zaidi, punje ya chumvi ya kawaida hujinywea maji kutoka hewani mpaka iyeyuke, hata pasipo mvua. Na kutu, ikisha kuzaliwa, huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Kwa hiyo huvimba, hupasua maungio, hufungua njia ya maji mengine. Basi mtu apakaye lami juu ya chumvi na kutu ambavyo havijaoshwa wala kukwanguliwa hafungii adui nje. Humfungia ndani, humpa giza, na humwondolea macho ya mwenye nyumba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Bwana shamba alikishonea kikulacho nguo mpya.

Januari 2015 walishuka kwa mara ya kwanza. Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na barabara iteremkayo mpaka Mombo ina urefu wa kilomita 33, ikizunguka na mto na majabali kupitia Soni. Wajerumani waliokuwa wakiuita mji huo Wilhelmstal ndio waliofungua njia ya magari, baada ya reli yao iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 kufika Mombo mwaka 1905. Hata sasa ni njia isiyotaka haraka. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba. Upande wa pili ni hewa. Bwana shamba aliendesha polepole mno, akishika usukani kwa mikono miwili, akisikiliza nyuma. Mkewe alimsifu kwa uangalifu wake. Hakujua kwamba uangalifu una ndugu wawili, mmoja aitwaye hekima na mwingine aitwaye hofu, na kwa sura wanafanana.

Huko Pangani mambo yalikuwa kama alivyoota. Tela liliegeshwa chini ya minazi, upande wa upepo. Mke aliamka alfajiri katika kitanda chake, akafungua mlango wake, akaiona bahari. Alipika chai akawakaribisha watoto wa nduguye. Sasa yeye ndiye aliyewakaribisha. Alikwenda makaburini bila ya kuwaza ni mtoto gani atalala chini usiku ule. Siku kumi zilipita kama siku mbili. Mwaka 2016 walikwenda tena, na 2017 tena.

Lakini bahari nayo ina chumvi. Katika kila kilo ya maji yake mna gramu zipatazo 35, na upepo uvumao juu ya mawimbi huchukua matone madogo yasiyoonekana, ukayatua juu ya kila kitu kilicho karibu na ufuko: juu ya mabati, juu ya bawaba za milango, juu ya waya za baiskeli. Watu wa pwani huijua kazi hiyo. Kwao bati lisilo na zinki nzuri halimalizi ahadi yake. Basi tela lililoliwa na chumvi ya theluji likaongezewa chumvi ya mawimbi. Hilo lilikuwa nusu ya mashaka. Nusu ya pili ilikuwa mlimani, na hiyo ndiyo aliyostahili kuijua mtu aliyesomea hali ya hewa na udongo.

Kila waliporudi, tela liliwekwa chini ya paa la mabati nyuma ya nyumba, ili lisinyeshewe. Nia ilikuwa njema. Lakini Lushoto ni nchi ya ukungu. Miezi ya Juni na Julai wingu hushuka mpaka mlangoni. Nguo iliyofuliwa hukaa siku tatu bila ya kukauka. Sukari hushikana mkebeni. Paa lilizuia mvua ambayo ingeosha chumvi, lakini halikuzuia ukungu ambao uliinywesha. Pwani ilitoa chumvi, mlima ukatoa maji, na mwanadamu akatoa kivuli. Hapana watatu waliowahi kushirikiana vizuri zaidi kukila chuma. Kama tela lingebaki pwani juani, au lingebaki mlimani bila ya kwenda pwani, lingeishi zaidi. Lililoliua ni safari baina ya mahali pawili, pasipo kuoshwa baina yake.

Desemba 2017, wakijitayarisha kwa safari ya nne, mke alisema gurudumu moja linalia. Ni yeye aliyemwita fundi. Fundi huyo alikuwa kijana mwenye gereji ndogo ya kuchomelea. Hakutoka katika ukoo wa wahunzi kama Washana wa milima ya Upare, ambao zamani majembe na mikuki yao ilijulikana nchi za jirani, lakini alikuwa na sikio la kihunzi. Alitia jeki, akaondoa gurudumu, akabadilisha beringi. Kisha, kwa desturi yake, akachukua nyundo ndogo akaanza kugonga chesisi toka nyuma kwenda mbele, akisikiliza. Chuma kizima hulia. Sauti yake ni ndefu na safi. Fundi aligonga: kikalia. Akagonga mbele kidogo: kikalia. Akafika karibu na mkono wa kukokotea, akagonga, na sauti ikatoka fupi, nzito, kama ya mtu aliyeziba kinywa kwa kitambaa. Akagonga tena. Nyundo ikaingia ndani.

"Shikamoo, Mzee," alisema, kama kwamba ndiyo kwanza amfikie, kwa kuwa hakujua aanze na neno gani. "Tafadhali njoo uone."

"Marahaba," alijibu bwana shamba, lakini hakusogea.

Mke ndiye aliyeinama. Alikuwa na maumivu ya magoti, lakini aliinama mpaka chini, akatazama tundu lile, na vumbi jekundu lililokuwa likimwagika kutoka ndani yake juu ya gunia kama unga kutoka katika mfuko uliotobolewa na panya. Lami ilikuwa bado inang'aa pembeni ya tundu. Nyuma yake hapakuwa na kitu.

"Hii si ya mwaka huu, Mama," alisema fundi. "Wala ya mwaka jana. Aliyepaka lami hii aliikuta." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu: "Mliteremka Soni na hiki?"

Hapana aliyemjibu. Fundi alikuwa kijana mwenye akili; akasema anakwenda kutafuta spana, ingawa spana zote alikuwa nazo, akaondoka.

Walipobaki peke yao mume alisema yote. Alisema siku ile ya gunia na tochi, maganda mawili aliyoyabandua, na la tatu ambalo hakulibandua. Alisema juu ya mkebe wa lami. Alisema kwamba mara tatu alishuka mlima akijua, na mara tatu akaupanda akijua; na kwamba kama mkono ule ungekatika penye kona, tela lingeweza kuvuka njia likawaangukia watu wa basi, au lingewavuta wao bondeni. Hakutafuta udhuru. Alikuwa amechoka kuubeba.

Mke alikaa kimya muda mrefu. Mtu angetazamia atataja fedha, maana zilikuwa fedha zake, jasho la miaka ya chaki. Hakuzitaja. Angetazamia ataje hatari. Aliitaja baadaye, siku nyingine, na kwa ukali uliostahili. Lakini neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Siku ile nilikuwa hapa hapa nyumbani. Kwa nini hukuniita nikashika tochi?"

Bwana shamba alikuwa amejitayarisha kwa kila lawama ila hiyo. Alidhani amemwibia mkewe fedha. Kumbe amemwibia nafasi ya kuwa mke. Alidhani kuficha ni kumlinda. Kumbe alimweka nje ya mlango, yeye aliyekuwa akimtafutia mlango. Miaka mitatu alilala kando ya mtu aliyemfanya mgeni wa jambo lake mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na watu huelewa kwamba mithali hiyo ni ya mgonjwa. Ni ya muuguzi pia, maana yeye ndiye anyimwaye kazi yake.

Januari 2018 tela halikwenda. Mke alipanda basi peke yake, akashuka Pangani, akafikia kwa nduguye. Usiku wa kwanza mtoto mmoja alitolewa kitandani. Alikaa siku tatu, akawaombea dua wazazi wake, akarudi. Hakusema neno juu ya usiku ule, na mumewe hakuuliza. Lakini alipomshusha mfuko wake stendi aliona mkeka mpya umefungwa juu yake, akafahamu kwamba safari ijayo mkewe alikusudia kulala chini mwenyewe.

Kazi ilianza mwezi wa Februari, miezi mikavu kabla ya masika. Fundi alisema: kwanza maji. Waliliosha tela chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mengi kuliko yenye nguvu, kwa sababu maji yarukayo kwa nguvu sana huisukuma chumvi ndani ya maungio badala ya kuitoa. Vyuma vya chesisi vilikuwa na uwazi ndani, na chini yake vilikuwa na vitobo vya kutolea maji. Vyote vilizibwa na udongo mwekundu wa Lushoto. Vilizibuliwa kwa waya, na maji yaliyotoka humo yalikuwa na rangi ya chai. Pili, kukwangua: lami yote, kutu yote, kwa patasi, kwa brashi ya waya, kwa msasa, mpaka chuma kikaonekana cheupe. Hapo ndipo ukweli wote ulipoonekana. Sehemu kubwa ilikuwa nzima. Iliyooza ilikuwa kiasi cha hatua mbili tu. Kama ingekwanguliwa mwaka 2014, ingekuwa kiganja.

Tatu, kukata na kuchomelea chuma kipya kilicho kinene zaidi. Nne, kuosha tena na kukausha. Tano, rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mara mbili. Kisha rangi ya juu. Kisha ndani ya vyuma vyenye uwazi mafuta mazito ya kutambaa, yafikayo mahali brashi isipofika. Skrubu za chuma zilizoshika kuta za alumini ziliondolewa, zikawekwa zenye kuchovywa katika zinki, kila moja na kipande cha mpira chini yake. Maana alumini na chuma kitupu vikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo iliwayo. Zinki ina tabia ya ajabu: ikiwekwa juu ya chuma huliwa yenyewe kwanza, na maadam ipo, chuma husalimika. Bwana shamba aliposikia habari hiyo alitaka kusema neno, kisha akaona halifai kusemwa na yeye.

Katika kazi yote mke alishika tochi. Alikaa juu ya kigoda kando ya tela, miguu ameinyoosha kwa ajili ya magoti yake, akamulika mahali alipoambiwa na mahali asipoambiwa. "Hapa bado," alikuwa akisema, na mumewe, amelala chali juu ya gunia lile lile, alikwangua hapo tena. Walikuwa wakizungumza maneno machache. Siku nyingine hasira ya mke ilirudi, akasema mambo ya Soni na ya watu wa basi, na mume alisikiliza akiwa chini ya tela, vumbi la kutu likimwangukia machoni. Kisha mke alisema, "Hapa bado," na kazi ikaendelea.

Januari 2019 walishuka. Bwana shamba hakuendesha polepole kama zamani, wala hakuendesha kwa haraka. Mkewe aliketi siku kumi chini ya minazi, mlango wake wazi kuelekea bahari. Walipozungumza na wazee wa Pangani walisikia jinsi maji ya chumvi yapandavyo mtoni siku hizi, kwa sababu maji matamu yanayoshuka kutoka bara yamepungua, na jinsi mashamba ya kandokando yaharibikavyo. Bwana shamba alisikiliza sana. Maji aliyomwahidi mkewe siku za posa yalikuwa hayafiki mlangoni kama yalivyokuwa yakifika.

Siku ya kurudi walipita Muheza, Segera na Korogwe, wakafika Mombo jua lingali juu. Hapo, kabla ya kuanza kupanda, mke alimwambia mumewe asimame penye vijana waoshao magari. Vijana walianza na kuta na madirisha, kama ilivyo desturi yao, kwa kuwa wenye magari hulipia kionekanacho. Mke alishuka, akawaambia: "Wanangu, kuta ziacheni. Osheni chini, tena taratibu, mpaka maji yatoke meupe." Akawalipa bei ya kuta na bei ya chini pamoja. Wakangoja saa nzima upepo wa bondeni ulikaushe tela, kwa sababu ukungu wa mlimani haukausho kitu.

Tangu hapo ndiyo kanuni yao: chumvi ya pwani haipandi mlima. Bwana shamba, ambaye watu humwalika bado kusema na wakulima, hulirudia neno lake la mifereji kama zamani. Lakini huongeza kipande kipya mwishoni, na wasiojua habari ya tela hudhani ni cha kilimo. Husema kwamba anayeuona mfereji asiende kuchukua jembe peke yake. Aanze kwa kumwita wa nyumbani mwake, amwonyeshe ulipo.